Nionyeshe Nyanya

Wardah alikuwa na kadi ya kila mtu nyumbani kwetu isipokuwa mimi, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mama yake alikuwa na kadi. Baba yake, ambaye wiki tatu katika nne yuko barabarani na lori, alikuwa na kadi. Hata paka wa jirani, mwizi asiye na haya, alipigwa picha akatiwa plastiki na kupewa nafasi yake ndani ya mkoba wa mtoto. Mimi, nyanya yake niliyemlea tangu ana miezi minne, nilikataa. Nilimwambia Mwalimu Nyamvula kwamba nyumba hii husaliwa, na nyumba yenye picha malaika hawaingii. Tena uso wangu nimeutunza miaka sitini na minane bila kamera, ukiacha kitambulisho, na sikuona haja ya kuanza uzeeni.

Wardah ana miaka saba na hasemi. Kusikia anasikia; ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, yuko mlangoni kabla hujatoa ya kwanza. Kuelewa anaelewa. Maneno ndiyo hayatoki. Hospitali walitupa jina refu la Kizungu la tatizo lake, binti yangu Tima, mama yake, akaliandika kwenye simu, mimi nikalisahau kabla hatujafika kituoni. Nilikuwa na jina langu: mtoto amefungwa ulimi. Nikamsomea, nikamnywesha kombe la maji ya aya, nikampaka asali chini ya ulimi kila Ijumaa mwaka mzima. Asali aliipenda sana, lakini hakusema neno.

Kabla ya kadi, nyumba yetu ilikuwa vita. Akitaka kitu alinivuta kanga. Nikikosea alilia, nikikosea mara ya pili alijipigiza kichwa ukutani. Majirani wa hapa Jomvu Kuu wakasema ana kiburi, wengine wakasema ana pepo, na mmoja, ambaye inshallah tutakutana naye mbele ya mizani, alitushauri tumfungie ndani tukipata wageni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilimwonyesha njia ya kwao na sijamuuzia hamri tangu siku hiyo.

Ndipo akaja huyo Nyamvula. Anafundisha darasa la watoto kama Wardah katika shule ya msingi iliyo karibu nasi, chumba kimoja nyuma ya stoo ya madawati. Ni msichana wa Kigiriama, mpole wa sauti, lakini kichwa chake kigumu kama changu, na nadhani ndiyo sababu tulielewana baada ya kugombana. Alileta mkoba wa kitambaa wenye kurasa ngumu ndani, na kwenye kurasa hizo kadi ndogondogo zimebandikwa kwa utepe unaonata, unaibandua na kuibandika tena. Kila kadi ina picha, na chini ya picha pana neno.

"Akitaka hamri, atakupa kadi ya hamri, ndipo umpe," aliniambia.

"Na asiponipa?"

"Msubiri."

"Wewe mwalimu wewe! Mtoto ana njaa, nami nimekaa na bakuli lizima la mahamri, wataka nimsubiri?"

"Bi Mwanakombo, ukienda dukani, muuzaji akikutilia vitu kikapuni kabla hujafungua mdomo, utamwambia lini unachotaka?"

Nikamwona ana roho mbaya. Mimi huanza kukaanga mahamri baada ya sala ya alfajiri, nauza kibarazani pamoja na mbaazi, watu wanakula mpaka waliotoka Mikindani, halafu mjukuu wangu anisimamie mkono mtupu! Siku mbili nilimpa kwa siri. Siku ya tatu Nyamvula alinifumania. Akanikalisha kwenye kigoda, akakaa nyuma ya Wardah, akamshika mkono, wakabandua kadi pamoja na kuiweka kwenye kiganja changu.

"Sasa mpe. Usichelewe hata kidogo."

Nikampa. Tukafanya hivyo tena na tena, hamri likikatwa vipande vidogo ili lisiishe. Kufika mara ya kumi na kitu, Nyamvula aliachia mkono wa mtoto, na mtoto akaja peke yake.

Nitasema na hili, kwa kuwa lina maana. Picha za kwanza alizoleta zilitoka kwenye kitabu cha ng'ambo. Palikuwa na mkate wa boflo uliokatwa vipande, choo cha kukalia, na tunda jekundu ambalo Wardah hajapata kulionja. Alizitazama kama unavyotazama picha za harusi ya watu usiowajua. Nyamvula akazitoa zote. Akaja na simu yake, akapiga picha mahamri yangu, mbaazi zangu, choo chetu, ndoo yetu ya buluu, mfereji wetu wa uani. "Picha iwe ya kitu anachokijua yeye," alisema, na hapo nilianza kumpenda.

Kilichonigeuza kabisa ni maji. Alasiri moja Wardah alinitilia kadi ya MAJI mkononi. Nikammiminia bilauri. Akaisukuma. Akanipa kadi ya MAJI tena, nikampelekea kata, akaisukuma hiyo pia, na mimi nikajua kichwa na ukuta vinakaribia kukutana. Badala yake akarudi mkobani, akapekua, akaniletea kadi ya pili: NJE. Nikatoka. Mfereji uliokuwa mkavu siku tisa ulikuwa unamwaga maji uani. Mtoto hakuwa akiomba. Alikuwa akinipa habari. Tulijaza madumu kumi na mawili kabla jirani yeyote hajajua, na jioni ile nilimwambia Tima kwamba katika nyumba hii kuna mtu mwenye akili na si mimi.

Lakini picha yangu niliendelea kuikatalia. Mkoba ukafungwa wakati wa sala, hilo tulikubaliana. Uso wangu, la.

Mwaka huu Wardah alitakiwa aingie gredi ya kwanza pamoja na wenzake, asubuhi darasani kwao, mchana kwa Nyamvula. Mwalimu mkuu akasema yeye hana neno, ila ni lazima mtoto apimwe na mtu wa ofisi. Akipita, atabaki. Akishindwa, atapelekwa shule ya bweni huko bara, mwendo wa saa saba kwa basi, na nyumbani atarudi likizo tu. Mtoto wa miaka saba ambaye akipigwa hawezi kusema aliyempiga ni nani, akalale kwa watu wasiojua hata kwamba akinusa kitambaa anataka kulala. Sikula vizuri wiki nzima.

Mpimaji alikuja Jumatano. Jina lake Bwana Elkana, mtu wa bara, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, salamu zake za heshima. Nyamvula alimwomba Wardah aingie na mkoba wake.

"Kipimo ni kimoja kwa watoto wote, mwalimu," akasema. "Mkoba ubaki nje. Na wewe pia, samahani, usije ukamsaidia bila kujua."

Mzazi mmoja aliruhusiwa, akae nyuma karibu na mlango na asiseme neno. Tima alikuwa zamu kiwandani Changamwe, wanakoshona suruali za kupelekwa ng'ambo, na huko ukikosa siku moja nafasi yako ina mtu. Kwa hiyo nilikaa mimi. Kutoka pale nilipokaa niliona mgongo wa kitabu tu, na kisogo cha mjukuu wangu nilichokisuka mistari sita asubuhi ile.

"Nionyeshe kikombe," akasema Bwana Elkana. Wardah akaweka kidole. "Nionyeshe mpira." Akaweka kidole. Alimuuliza vitano, na kwa jinsi kalamu ilivyokuwa ikipiga alama upesi upesi nilijua amepata vyote. Nikaanza kumshukuru Mungu mapema.

"Nionyeshe nyanya."

Wardah akatazama ukurasa. Akautazama muda mrefu, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi. Halafu akashuka kitini, akazunguka meza, akakivuka chumba chote mpaka nilipo, akaniwekea kiganja kifuani. Akageuka kumwangalia Bwana Elkana.

"Tafadhali mrudishe kitini," akasema Bwana Elkana.

Nilidhani amechoka na anataka twende nyumbani. Niliona aibu, nisiseme uongo. Niliona mtu wa serikali anaandika, nikaona basi la bara linawashwa injini. Nikamshika mabega nikamrudisha. "Keti. Tulia. Usinitie aibu," nilimnong'oneza. Akaketi. Bwana Elkana akarudia lile neno lake, na Wardah akashuka tena, akaja tena, safari hii akanipiga kifuani kwa kiganja, pa! Nikamrudisha tena, na safari hii sikumshika kwa upole. Basi akaingia chini ya meza na kuanza kupigiza kichwa sakafuni, na maswali yote yaliyobaki hayakupata jibu.

Ijumaa baada ya alasiri Nyamvula alileta nakala ya ripoti. Tima alikuwa ameshatoka kazini, amekaa mkekani na miguu yake imevimba. Pamoja na ripoti palikuwa na fomu ya bweni, ya kutiwa saini na mzazi na kurudishwa Jumatatu.

"Nipe kalamu, mwalimu," Tima akasema.

"Hutii saini," nikamwambia.

"Mama, wakubwa wameshasema. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayajamwagika, ndoo imeinama tu."

"Mimi nimechoka, Mama. Nawe umri umeenda. Labda huko watamwelewa kuliko sisi."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye. Mwalimu, nisomee hiyo karatasi. Nataka kujua mjukuu wangu amekosa nini."

Nyamvula akasoma. Kikombe, ameonyesha. Mpira, ameonyesha. Kisu, nyumba, jicho, ameonyesha. "Swali la sita. Nyanya. Hakuonyesha. Aliondoka kitini mara mbili bila sababu. Haelewi maagizo. Hawezi kutulia."

"Nyanya yupi?" nikauliza.

"Imeandikwa hivyo tu. Nyanya."

"Nasikia. Nauliza, kwenye kile kitabu chake mlichorwa kizee gani?"

Nyamvula akaniangalia, na nikaona uso wake unabadilika. "Hakuna kizee, Bi Mwanakombo," akasema polepole. "Ni nyanya ya kutia mchuzini. Tungule."

Tungule. Sisi watu wa Mombasa kitu hicho chekundu tunakiita tungule. Mama yangu alikiita hivyo, na mama yake. Wachuuzi kutoka bara wananadi nyanya, nyanya, nami huwaambia nipe tungule fungu moja, na biashara huisha salama. Ndani ya nyumba yangu neno nyanya lina maana moja tu, nayo ni mimi.

Mtoto aliambiwa aonyeshe nyanya. Akanitafuta ukurasani, hakuniona. Mkoba wake ulikuwa nje, na hata ungekuwa ndani nisingekuwamo, kwa sababu nilijidai kuulinda uso wangu. Basi akanyanyuka akaja kunionyesha mimi mwenyewe, kwa mkono wake. Miaka saba nimengoja mtoto huyu aniite. Akaniita mbele ya serikali, akaniita mara mbili, na mara zote mbili nikamwambia keti, usinitie aibu.

Nililia. Sikulia kwa kujifunika kanga. Nililia kwa sauti mpaka Tima akadhani nimeumwa na nge. Wardah akaja na kadi yake ya MAJI, akanitilia mkononi, na mpaka leo sijui kama alitaka ninywe au alikuwa akieleza kilichokuwa kikinitoka machoni.

Nilipomaliza nilipangusa uso. "Nyamvula, toa simu. Nipige picha."

"Bi Mwanakombo, malaika je?"

"Malaika wameona nilichofanya Jumatano. Wataivumilia picha. Piga, na usinipambe."

Tima hakutia saini siku ile. Lakini fomu hakuichana, aliikunja akaiweka juu ya kabati, na Jumatatu asubuhi aliponiona navaa buibui alinishika mkono.

"Mama, utaenda kugombana na serikali?"

"Nitaenda kugombana na tungule," nikamjibu.

Wardah nilimwacha kwa Nyamvula. Sikutaka mtu ampime tena. Safari hii wa kupimwa hakuwa yeye. Ofisi iko ng'ambo ya barabara kuu, na ili uvuke inabidi ungojee malori ya mafuta yapite moja baada ya jingine, na kila utingo wa lori alinipungia nisivuke. Nilivuka. Askari wa mlangoni akaniuliza kama nina miadi. Nikamwambia ninayo tangu Jumatano.

Bwana Elkana alisimama aliponiona. "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba."

"Karibu uketi, nyanya. Umetembea kwa jua hili lote? Nikuletee maji ya kunywa, nyanya?"

Nikamwacha aendelee. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unajua pa kumshikia. Nilikunywa maji yake yote, nikaiweka bilauri juu ya meza.

"Kile kitabu chako cha picha unacho hapa?"

"Ninacho."

"Nifungulie swali la sita."

Akafungua, akakigeuza nikione. Palikuwa na picha nne: saa ya ukutani, kiatu, ndege, na tungule jekundu, nene, lenye kikonyo cha kijani.

"Nionyeshe nyanya," nikamwambia.

Akatabasamu, akaweka kidole juu ya tungule.

"Na huyu uliyemwamkia shikamoo, ukampa kiti na maji, umemwitaje?"

"Nimekuita..." Kidole bado kilikuwa juu ya tungule.

"Sema, mwanangu. Sina haraka."

"Nyanya."

"Basi mimi ni wa kukatwakatwa mchuzini?"

Hakucheka. Nikamweleza habari ya tungule na habari ya nyumba yangu, nikamweleza kwamba Kiswahili sisi tumezaliwa nacho, yeye amekikuta shuleni, na hakuna ubaya, ila mgeni asije kumsahihisha mwenyeji akiwa ndani ya nyumba ya mwenyeji. Akajaribu kuanza: "Lakini nyanya, kwa Kiswahili sanifu..." halafu akalisikia neno lilivyotoka kinywani mwake. Akavuta faili, akatoa fomu ya Wardah. Akaisoma kimyakimya, midomo ikicheza.

"Alikuja kwako," akasema. "Mara mbili."

"Mara mbili."

"Na mimi nikasema arudishwe."

"Na mimi nikamrudisha. Langu nitamjibu Mola wangu. Lako utalijibu hapa hapa."

Akasugua uso kwa viganja. Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayetaka kutenda wema kwamba jambo hili ni rahisi. Ataandika kwamba mtoto hakuwa na afya siku ile, kipimo kitafutwa, kitarudiwa baadaye, na suala la bweni litasimama kwanza.

"Alikuwa mzima wa afya," nikamwambia.

"Ni lugha ya ofisi tu, nyanya. Haina madhara."

"Mtoto hasemi, nanyi mnamsemea uongo! Andika lililotokea. Mtoto alijibu sawa, mpimaji hakumwelewa."

"Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kitu kama hicho."

"Hapo pembeni ni peupe."

Nje lori lilipiga honi ndefu, vioo vikatetemeka. Nilijua anaweza kumwita askari anitoe, na nilishaamua kwamba akinitoa nitakaa mlangoni, na kesho nitakuja na wanawake wa Jomvu Kuu wote wenye wajukuu. Sikulazimika kumwambia hayo. Alichukua kalamu akaandika pembeni, herufi ndogondogo, akanisomea: mtoto alijibu kwa usahihi, mpimaji hakulielewa jibu kwa sababu ya tofauti ya msamiati, pendekezo la bweni limeondolewa, ataingia gredi ya kwanza na atumie kadi zake za picha katika masomo na katika kipimo chochote. Akatia saini. Akagonga muhuri. Akatengeneza nakala akanipa, nikaikunja nikaitia kifuani, mahali pale pale mtoto aliponipiga kiganja.

Ningeweza kuondoka. Shida yangu ilikuwa imekwisha na mahamri ya kesho yalikuwa yananingoja yaumuliwe. Bwana Elkana alikuwa amesimama kunisindikiza, na nafuu aliyokuwa nayo ilionekana mpaka mabegani. Lakini lile faili alilotoa fomu ya Wardah lilibaki wazi juu ya meza, na ndani yake palikuwa na karatasi nyingi za rangi ile ile.

"Hao ni nani?"

"Ni watoto wengine. Niliowapima muhula huu."

"Wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Wa wapi?"

"Pande hizi hizi. Jomvu, Miritini, Mikindani."

"Kwa kitabu hiki hiki?"

Akaweka mkono juu ya faili. Nikaketi tena.

"Nyanya, hizo siwezi kukuonyesha. Habari za watoto ni siri."

"Sitaki kuona. Sitaki majina. Nisomee swali la sita peke yake, moja moja, nami nitakwambia lililokupita."

Nadhani angenikatalia ningekuwa nimekuja na kelele. Akaketi, akaivuta fomu ya juu, akaifunika sehemu ya jina kwa mkono ingawa mimi kusoma kwa mbali siwezi.

"Ameonyesha," akasoma. Akaiweka kando. "Ameonyesha." Nikamwambia hao ni watoto wa watu wa bara, awaache. "Hakuonyesha. Alitazama dirishani." Nikamuuliza nani alikuwa nje ya dirisha siku ile, akasema hakumbuki, wanawake fulani wakingoja. Nikamwambia huenda nyanya yake alikuwa mmoja wao. "Hakuonyesha. Alijishika kichwa kwa mikono miwili." Nikamwambia huyo alikuwa anaonyesha mtandio wa nyanya yake. Akaandika kitu pembeni bila kuambiwa. Tukaenda hivyo, fomu baada ya fomu, jasho likimtoka ingawa pangaboi lilikuwa likizunguka juu yetu.

Kisha akashika moja akaitazama bila kusoma.

"Soma."

"Alipoulizwa nyanya, alilia," akasoma. "Hakutulia tena. Kipimo kilisitishwa. Apelekwe bweni."

"Ulimpima lini?"

"Tarehe kumi na moja, mwezi uliopita."

"Wapi?"

"Jomvu Kuu."

Sikuhitaji jina. Mwezi uliopita mtaani kwetu alifariki mwanamke mmoja tu. Nilimwosha mimi, kwa mikono hii, na mjukuu wake asiyesema alikaa mlangoni mwa chumba, ameishika ndoo ya maji, hakubali kuondolewa.

"Alikuwa na nyanya," nikamwambia Bwana Elkana. "Tulimzika tarehe tisa."

Aliiweka fomu mezani, akailaza sawa kwa viganja vyote viwili. Akachukua kalamu. Akaniuliza kwa sauti ndogo aandike nini.

"Andika kwamba alijibu," nikamwambia.